Kadi Nne Zilizopinda

Mtoto wa kaka yake alikuwa amekalishwa kwenye ngazi za nje ya ukumbi, mvua ikimrushia manyunyu miguuni, na hakukuwa na rafiki hata mmoja aliyekaa naye. Hilo ndilo lililomuudhi Shangazi kwanza, kabla hajaambiwa kosa ni nini. Alikuwa ametoka kununua chai tu. Unatoka kununua chai, unarudi, mtoto uliyemleta mwenyewe kwa gari lako katupwa nje!

"Nani kakufanya nini?"

Msichana hakujibu. Na huyu ndiye waliyempa jina la Chiriku, kwa sababu tangu walipoondoka nyumbani jana asubuhi mpaka wanafika hakufunga mdomo hata kwa kumeza mate.

"Nimekuuliza."

"Wamesema nimedanganya, Shangazi. Wamenifukuza mbele ya watu wote."

Shangazi alikuwa mpelelezi wa polisi, tena wa siku nyingi, na likizo hii alikuwa ameahidi mbele ya kaka yake kwamba hatamhoji mtu. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari, kuwafikisha vijana wanne kwenye mashindano ya kadi, na kuwarudisha wazima kwa mama zao. Ahadi hiyo ilifia pale pale kwenye ngazi.

"Nieleze tangu mwanzo. Kulia utalia baadaye, nitakushikia mkoba."

Chiriku akaeleza. Kila mchezaji ana fungu lake la kadi, na kila kadi imo ndani ya kifuko cha plastiki chenye mgongo mweusi, ili migongo yote ifanane. Kabla ya mchezo, mpinzani hukuchangia kadi zako, akizichanganya ili usijue ipi iko wapi. Raundi ya mwisho ya mchujo alipangwa na kijana mmoja wa miwani. Kijana yule alichanga kidogo, akasimama, akapapasa, akainua mkono kumwita mwamuzi. Kadi nne zilikuwa zimepinda. Na zote nne zilikuwa Kifaru wa Radi, kadi kali kuliko zote alizokuwa nazo.

"Kwa hiyo ukipapasa tu unajua Kifaru yuko wapi," alisema Shangazi.

"Ndiyo."

"Huo ni wizi."

"Najua ni wizi! Lakini sikuziweka mimi. Vifaru vyangu ni vya kawaida. Hivi ni vya kung'aa, na vya kung'aa ndivyo vinavyopinda. Nilivikuta asubuhi ndani ya fungu langu, nikafurahi. Nilidhani ni zawadi ya kura."

"Kura gani tena?"

Basi ikatoka habari ya kura. Vijana hawa wanne, kila wakisafiri kwenda mashindanoni, huandika majina yao kwenye vikaratasi na kila mmoja huokota jina la mwenzake. Uliyemwokota unamfichia zawadi kwenye vitu vyake usiku wa kuamkia mashindano. Ukibadilisha kadi zake, zile za zamani unazitunza, unamrudishia. Na hakuna kujitaja mpaka wawe ndani ya gari wakirudi nyumbani. Hiyo ndiyo raha yake.

"Ukamwambia mwamuzi?"

"Nilimwambia. Akauliza, nani kati ya rafiki zako kakupa? Walikuwepo wote watatu, Shangazi. Bonge, Pilipili na Fundi, wamesimama hapo hapo. Akauliza mara ya pili." Akafuta manyunyu miguuni. "Hakuna aliyefungua mdomo. Wakanitazama kama hawanijui."

Shangazi aliweka kikombe cha chai chini taratibu, kwa sababu mkono ulikuwa unataka kukitupa.

"Adhabu ni nini?"

"Miaka miwili sichezi popote, na jina linabandikwa ukutani. Na baba, Shangazi? Alisema kadi ni kamari, mimi nikamwapia kwamba huku hakuna wizi. Nitamwambia nini?"

Shangazi alimjua kaka yake. Huyo ukishamwambia neno "wizi" hasikilizi neno linalofuata.

"Kaa hapa. Usiondoke, na usimsamehe mtu bado."

Ukumbi ulikuwa wa michezo, mistari ya mpira wa kikapu bado iko sakafuni, paa la bati, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Watu walikuwa wamebanana kwenye meza ndefu na joto la pumzi zao lilikuwa limetengeneza ukungu kwenye vioo. Nguo zilinata mwilini. Shangazi aliyaona hayo yote akayaweka akilini.

Mwamuzi Mkuu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni. Hakutishwa na kitambulisho cha polisi.

"Hapa si kituoni kwako, dada yangu."

"Ingekuwa kituoni kwangu ungeshakaa. Nionyeshe hizo kadi."

Zililetwa ndani ya bahasha. Shangazi aliziweka mezani, na kweli, kila moja ilisimama kwenye ncha zake na katikati imeinuka, ukaweza kupitisha penseli chini yake. Akaomba aletewe kadi moja ya kawaida kutoka fungu lile lile. Ilikuwa imelala kimya kama kigae.

"Asubuhi mlikagua mafungu yote?"

"Yote."

"Na hizi zilikuwa zimepinda?"

Mwamuzi alisita. "Zilikuwa zimenyooka. Kadi za kung'aa zinapindishwa na unyevu. Zimepindia humu humu."

"Sasa mbona mnamwita mdanganyifu? Yeye ndiye aliyeleta mvua?"

"Dada, usinifokee. Kila mchezaji anajua kwamba zinapinda. Ndiyo maana wajanja huzitumia. Unaweka za kung'aa kwenye kadi nne unazozihitaji tu, nyingine za kawaida, halafu unangojea hali ya hewa ikufanyie kazi. Akiziweka mwenyewe, amedanganya. Akiwekewa na mtu bila yeye kupanga, hilo ni kosa dogo, anapoteza mchezo mmoja tu anaendelea. Lakini nimeuliza mara mbili ni nani kamwekea, wewe ungesikia nini?"

"Kimya."

"Ndicho nilichosikia. Niletee mtu au niletee ushahidi. Mechi ya kwanza ya robo fainali ikiisha, rufaa zimefungwa."

"Inaanza lini?"

"Wanakaa sasa hivi."

Shangazi alimfuata kwanza yule kijana wa miwani, aliyekuwa anapanga kadi zake kwenye meza ya mbele. Ukitaka kujua nani kaiba kuku, anza na aliyepiga kelele.

"Wewe ndiwe uliyekuwa na fungu lake mkononi. Ulifanya nini nalo?"

Kijana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nilichanga. Mbele yake, na mwamuzi wa meza amesimama pembeni. Kumtolea kadi nne vifukoni na kumwekea nyingine nne bila kuonekana, mama, ningekuwa nafanya mazingaombwe, nisingekuwa hapa."

"Umefaidika."

"Sikufaidika na chochote. Nilishafuzu, hata angenipiga ningekuwa wa kwanza. Nilisema kadi zimepinda kwa sababu zimepinda. Neno mwizi halikutoka kinywani mwangu." Akatazama mlango. "Lilitoka kwenye vinywa vya waliokaa kimya, ukiniuliza mimi."

Shangazi akazidi kukasirika, akageuka aondoke.

Kijana wa kwanza kati ya wale watatu alikutana naye pale pale. Fundi, aliyekuwa akitengeneza simu kwenye kibanda karibu na nyumbani kwao, alikuwa anakuja na kasha lake la kadi chini ya kwapa, anatembea upesi.

"Unakimbilia wapi? Si ulitolewa?"

"Nilikuwa wa tisa, Shangazi. Wanaingia wanane." Akatazama viatu vyake. "Imetokea nafasi."

"Imetokea nafasi! Nafasi imeshuka na mvua?"

"Shangazi, mechi yangu inaanza."

"Kwenye kura ulimwokota nani?"

"Bonge."

"Ukampa nini?"

"Kasha la kadi. La kijani."

Alijibu bila kusita, akapita, akaketi mbele ya kijana wa miwani.

Bonge alipatikana kwenye korido ya vyooni, mwili mkubwa umejikunja juu ya ndoo iliyofudikizwa, macho mekundu. Mapajani alikuwa na kasha la kijani.

"Hilo umelipata wapi?"

"Ni zawadi yangu ya kura. Nimelikuta asubuhi chini ya mto."

"Na wewe ulimpa nani?"

"Pilipili. Dadu nyekundu." Akafuta pua. "Mimi sikusema kitu pale kwa sababu sikuwa mimi, Shangazi. Ningesema nini?"

"Ungesema, 'Mwamuzi, huyu si mwizi, namjua.' Hayo tu. Kilo zote hizo na hukupata pumzi ya maneno matano!"

Bonge akainamisha kichwa. Shangazi hakumhurumia. Alikuwa amemthibitisha Fundi kwa kasha lile, na Bonge mwenyewe kwa dadu kama Pilipili angezionyesha. Kidole sasa kilikuwa kinaelekea kwa Pilipili, msichana mdogo wa umbo mwenye ulimi wa wembe, aliyegombana na Chiriku jana njia nzima kuhusu nani akae dirishani.

Pilipili alikuwa amesimama chini ya ubao wa matokeo, mikono kifuani.

"Dadu nyekundu unazo?"

Akazitoa mfukoni, akazifumba tena.

"Ulimwokota nani kwenye kura?"

"Hatutaji mpaka kwenye gari. Ndiyo sheria yetu."

"Mwenzenu kaketi nje kwenye mvua anaitwa mwizi, na wewe unaniletea sheria ya kwenye gari?"

"Na wewe unanishuku mimi kwa sababu tuligombana! Ningetaka kumdhuru Chiriku ningemzaba kofi, nisingempa kadi za kung'aa!"

"Namshuku kila mtu, mpaka chai niliyokunywa. Sema!"

"Nilimwokota Fundi!" Watu wawili waligeuka. Akashusha sauti. "Mkeka wa kuchezea, ule wa bluu aliotandika sasa hivi, ni wa kwangu. Umeridhika?"

Shangazi alitazama meza ya mbele. Mkeka wa bluu ulikuwa pale. Pilipili kampa Fundi, Bonge kampa Pilipili, Fundi kampa Bonge. Majina manne, watu wanne. Aliyebaki kumpa Chiriku zawadi alikuwa Chiriku mwenyewe.

Alirudi mlangoni kwa hatua nzito. Amewahi kuwakamata watu wa damu yake huko nyuma, binamu mmoja na shemeji mmoja, na hakupepesa. Lakini hawa walikuwa watu wazima, tena wajinga. Alisimama juu ya ngazi, akaongea kwa sauti ya kazini.

"Kura. Ulimwokota nani?"

"Bonge," alisema Chiriku.

"Usinichezee. Ulimpa nini?"

"Kasha la kadi. La kijani." Chiriku aligeuka kumtazama. "Kwa nini unaniuliza hivyo? Na wewe pia?"

"Mwenzako kasema kasha hilo kalitoa yeye. Mmoja wenu ananidanganya, na nikimjua nitamla nyama. Lina nini hilo kasha asichokijua mtu mwingine?"

"Chini ya kitambaa cha ndani nimeficha picha. Sisi wanne, siku tulipocheza mara ya kwanza. Bonge hajaiona bado, ningemwonyesha kwenye gari."

Shangazi alikwenda kwenye korido karibu anakimbia. Alichukua kasha mikononi mwa Bonge, akaingiza ukucha chini ya kitambaa, akakivuta. Picha ilikuwepo. Vijana wanne wamekumbatiana mabegani, Chiriku katikati, mdomo wazi kama kawaida yake.

Bonge aliitazama, kisha akamtazama Shangazi. "Fundi aliniona nalo asubuhi," alisema polepole. "Akaniuliza, zawadi yako hiyo? Nikamwambia ndiyo."

"Basi umeshamjua. Inuka."

Lakini uongo peke yake haukutosha. Mwamuzi Mkuu alitaka ushahidi wa kadi. Shangazi alirudi tena mlangoni, safari hii na Bonge nyuma yake.

"Vifaru vyako vya zamani, vile vya kawaida, mtu akiviona atajuaje ni vyako?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Chiriku alikaribia kutabasamu. "Kimoja kina sharubu. Mdogo wangu alikichora kwa kalamu. Sheria inaruhusu, mradi jina la kadi lisomeke."

Shangazi alimshika mkono, akamwinua. Bawabu wa mlangoni akasema aliyefukuzwa haruhusiwi kuingia. Shangazi akamwambia amzuie basi, na bawabu akakumbuka kwamba ana kazi upande mwingine.

Meza ya mbele ilikuwa imezungukwa na watazamaji. Kwenye mashindano haya mtazamaji akitoa neno, anatolewa yeye na mchezo unavurugika, kwa hiyo Shangazi alisimama nyuma ya kiti cha Fundi akaufunga mdomo. Ilimuuma kuliko jino. Kijana wa miwani alishusha kadi zake, Fundi akashusha zake. Fundi alikuwa anacheza vizuri, tena vizuri sana, na masikio yake yalikuwa yamewiva. Akavuta kadi moja, akaitazama, akairudisha mkononi. Zamu nyingine, akacheza kadi dhaifu. Kijana wa miwani alikunja uso, maana hata yeye aliona mwenzake anashikilia kitu kizuri na hataki kukitumia.

Shangazi naye aliona. Akamwita Mwamuzi Mkuu kwa kidole, akamnong'oneza sikioni, hatua tano mbali na meza. Mwamuzi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu filimbi ikalia.

"Mchezo usimame. Naomba fungu lako lote, na kadi za mkononi. Zilaze wazi mezani."

Fundi hakusogea.

"Wazi, kijana."

Kadi ya tatu aliyoilaza ilikuwa Kifaru wa Radi, wa kawaida, karatasi yake imefifia, na juu ya mdomo ana sharubu mbili nene za kalamu ya bluu. Vingine vitatu vilitoka ndani ya fungu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Chiriku, anacheza kwa kadi za Chiriku.

Pilipili, aliyekuwa nyuma ya umati, alitoa tusi ambalo halikuhitaji kipaza sauti. Mwamuzi hakumtoa.

"Hivi vya kung'aa vilikuwa vyako?" Mwamuzi aliuliza.

"Vilikuwa vyangu." Fundi alizungumza na meza. "Nimevitunza tangu nianze kucheza. Nilitaka acheze navyo, kwa sababu yeye ndiye hodari kwetu. Sikufikiria mvua. Walahi sikufikiria mvua."

"Nakuamini," alisema Shangazi, na kwa kweli alimwamini, na hilo ndilo lililomzidishia hasira. "Ulitoa kitu chako cha thamani kwa moyo safi. Hapo hukukosea. Mwamuzi alipouliza, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa niseme kwenye gari."

"Kwenye gari! Baada ya robo fainali? Au baada ya kombe?"

"Nilitaka kusema, Shangazi. Akauliza mara ya kwanza, ulimi ukakwama. Halafu nikatazama ubao, nikaona akitoka yeye naingia mimi. Akauliza mara ya pili..."

Mwamuzi Mkuu alizungumza kwa sauti ya ukumbi mzima. Hukumu ya udanganyifu imefutwa. Mchezaji wa nane, Chiriku, anarudi kwenye kiti chake, ila anaanza akiwa nyuma kwa mchezo mmoja kwa ajili ya kadi zilizopinda. Wa tisa ametoka. Kijana wa miwani aliulizwa kama ana pingamizi.

"Nilikuja kucheza na aliyestahili," alisema, akaanza kuchanga upya.

Fundi aliinuka. Alikusanya kadi zake, akavisukuma vile Vifaru vinne vya kawaida upande wa Chiriku, akakunja mkeka wa bluu. Pilipili akaupokonya mkononi mwake.

Chiriku alisogea mezani. Alichukua vile vinne, akavitia vifukoni kimoja kimoja, akahakikisha kila kifuko kimefunga. Fundi alikuwa bado amesimama. Ukumbi mzima ulitaka aondoke na yeye hakuondoka.

"Chiriku," alisema. "Nafasi kama hii haiji mara mbili. Sema kweli. Ingekuwa wewe ndiye wa tisa, ungefanyaje?"

Shangazi alifungua mdomo. Alikuwa na majibu ya kutosha kumzika mtu. Chiriku akamwekea mkono kwenye kiganja kumzuia, akamgeukia Fundi.

"Hata kama ningeogopa kusema," alisema, "ningetoka nikakae nje na wewe."

Kisha akavuta kiti, akaketi, akamsogezea mpinzani wake fungu achange.